Sentimita Nne

Mwalimu wa jiografia kawapa kazi ya nyumbani:
pimeni safari moja kwenye atlasi.
Nomin kachagua ya baba yake.
Kailaza rula Ulaanbaatar, kaivusha Gobi,
kaipitisha juu ya bahari nyembamba kama ukucha,
kaisimamisha Seoul.
"Sentimita nne, mama. Pungufu kidogo."

Kila sentimita, kilomita mia tano.
Kaandika jibu, kalipigia mstari, kalala.
Nami nimebaki na rula mezani,
nachochea makaa ya mawe,
na hesabu yangu haitaki kufungika.

Njia ya mwongo fupi. Na rula, je?

Ndege huchukua saa tatu, pengine hazifiki.
Ganzorig hakwenda kwa saa tatu.
Kwanza miezi kumi na minne ya Kikorea cha usiku,
maneno kayabandika mlangoni pa friji:
nyundo, mshahara, hatari, samahani.
Kisha mtihani. Kisha kuanguka kwa alama mbili.
Kisha mtihani.
Kisha daktari wa mapafu, muhuri, na muhuri juu ya muhuri.
Na siku yenyewe, toka mtaa wetu wa mlimani hadi uwanjani,
msongamano, saa mbili na nusu,
gari la shemeji likitokota, hakuna aliyesema neno,
kila mmoja akiiomba foleni kimoyomoyo:
usisogee.

Hiyo ndiyo sehemu ndefu ya safari. Haimo kwenye tiketi.

Mama mkwe Dulmaa alibeba maziwa katika chupa ya soda.
Desturi yataka msafiri anyunyiziwe njia nyuma yake,
lakini ndege haiachi njia.
Basi akainyunyizia lami ya maegesho,
mara tatu, kwa upawa wa mti.
Askari alikuja kukataza,
akafika nusu, akageuka kutazama upande mwingine.

Nasikia kwenda huko ni kufupi kuliko kurudi.
Upepo wa juu huelekea mashariki:
humsukuma mgongoni anayeondoka,
humkaza kifuani anayerudi,
nusu saa zaidi, ndivyo alivyoniambia jirani
ambaye mwanawe anafagia ndani ya ndege.
Nilicheka. Hilo nalo lilihitaji mtaalamu?

Tena saa zao zimetutangulia.
Akishuka kule, saa nzima imemponyoka mfukoni,
atarudishiwa siku ya kurudi kama amana.
Hapa mimi nakaa kula saa moja usiku;
kwake ni saa mbili,
ameshaosha sahani yake moja.

Mwezi wa nne vumbi liliinuka Gobi.
Likaziba madirisha, likazima jua mchana kweupe,
ndege zikalala chini siku nzima.
Kesho yake simu ikalia: Ganzorig, Ansan,
nje ya kiwanda cha kuchovya vyuma.
"Wenyeji wamevaa barakoa," akasema,
"wanalilaani vumbi la manjano.
Mimi nimepitisha kidole kwenye kioo cha dirisha."
Akanyamaza.
"Umekionja?"
"Kidogo tu."

Halikuomba viza lile vumbi.
Halikukariri nyundo wala samahani,
wala hakuna aliyelipima mapafu.

Sasa jiko limepoa, mtoto anakoroma kama mtu mzima.
Naufungua tena ukurasa wake.
Naweka kidole gumba Ulaanbaatar,
cha shahada nakiweka Seoul.
Mkono haujatanuka hata kidogo,
ni kama nimeshika yai.

Jibu ni sahihi, pungufu kidogo.
Kesho mwalimu atampigia vema,
kubwa, kwa wino mwekundu.